Mgombea wa wadi nisiyoishi amenitumia meseji akinitaja kwa jina. Namba yangu ameitoa wapi?

#1 NyarUmoja
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanikera tangu Jumatatu na nataka tulichambue, maana humu ndani najua kuna mafundi, mawakili na watu wa kompyuta.

Nimepokea meseji kutoka kwa mtu anayejipanga kugombea uwakilishi wadi Kilimani 2027. Imenitaja jina la kwanza na la pili, ikanitakia wiki njema, halafu ikaniomba "tutembee pamoja". Mimi naishi Umoja. Kura napiga Umoja. Kilimani naenda kikazi tu, kuna wateja ninaowaandikia vitabu vya hesabu, nikimaliza napanda matatu narudi zangu. Huyo mheshimiwa mtarajiwa simjui, mkutano wake sijawahi kuhudhuria, na chama sina.

Angalieni kitu kimoja. Jina langu la pili kwenye hiyo meseji limekosa herufi ya mwisho. Kwenye kitambulisho liko kamili. Maana yake kuna mahali mtu aliliandika hivyo, au mashine ililikata hivyo, na hapo ndipo namba yangu ilipovuja. Ni wapi?

#2 SaaZaUsiku
Pole dada, lakini hiyo ni meseji tu. Futa, zuia namba, lala. Mimi hata wakijua saizi ya kiatu changu sina cha kuficha.

#3 FundiLuthuli
Dada, jambo hili ni jepesi kuliko unavyodhani. Mtu akitaka kukutumia pesa kwa M-Pesa, jina lako linatokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Hapa Luthuli nimewaona vijana wakikaa na rundo la namba, wanaingiza moja, wanasoma jina, wanaghairi, wanaingiza nyingine. Hawavunji mfumo wa mtu. Namba zenyewe zinafuatana, unabadilisha tarakimu ya mwisho tu. Kwa siku kijana mwenye vidole vyepesi anajaza kurasa.

#4 NyarUmoja
@FundiLuthuli nimemwomba dada yangu ajaribu sasa hivi. Kwa M-Pesa jina langu linatokea na herufi zote. Na hata wangelipata huko, M-Pesa haimwambii mtu kwamba huwa nakanyaga Kilimani.

#5 Msimbo254
Usiliandike jina lako hapa. Hesabu tu: jina la kwanza, nafasi ya kati, na jina la pili lilivyokatwa. Jumla ngapi?

#6 NyarUmoja
15.

#7 Msimbo254
Basi karani hana kosa. Anayetengeneza mfumo wa kuhifadhi majina huweka kikomo cha urefu, na 15 inaweza kuwa ndicho, iwe ni kwa mashine za risiti, vitambulisho vya wageni au kadi za pointi. Jina likizidi, linakatwa bila taarifa. Kwa hiyo ondoa kwenye orodha ya washukiwa kila kitabu kinachoandikwa kwa kalamu. Tafuta mashine.

#8 SojaWaGeti
Kaka Msimbo, usiviondoe vitabu haraka hivyo. Mimi ni bawabu, nimekaa magetini Upper Hill, Kilimani na Westlands, nikueleze kinachotendeka.

Kitabu kina jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unaenda kumwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Anayeandika wa kumi anaona mistari tisa ya walio juu yake, yote, hadi simu. Nimemshuhudia kijana akijifanya kutafuta kalamu huku anapiga ukurasa picha. Kitabu kikijaa kinapelekwa stoo chini ya ngazi, kinakaa na ndoo za rangi. Kampuni ya ulinzi ikibadilishwa, wanaokuja wanavikuta vitabu vya wenzao pale pale. Hakuna aliyewahi kuniambia vichomwe au vihifadhiwe vipi.

Sasa majengo mengi ya Kilimani yameacha kitabu. Tunapewa simu au tableti, tunapiga picha kitambulisho, jina linaingia lenyewe. Zinaenda wapi? Sisi hatujui. Tunaona tu maandishi ya kijani yakisema mgeni amesajiliwa. @NyarUmoja pale unapoenda ni kitabu au tableti?

#9 NyarUmoja
Tableti. Mwaka jana kilikuwa kitabu.

#10 Msimbo254
Haya.

#11 SaaZaUsiku
Tableti ya getini imekuwa jasusi sasa? Hiyo ni ya usalama. Baada ya mashambulizi ya Westgate 2013 na Dusit 2019 nyinyi wenyewe mlilia kwamba magetini hakukaguliwi.

#12 SojaWaGeti
@SaaZaUsiku ndugu yangu, mtu mwenye nia mbaya anaandika jina la uongo na namba ya uongo, na mimi sina njia ya kumkagua. Anayeandika ukweli ni mama aliyekuja kutafuta kazi. Kukagua mkoba kuna faida. Kumwandikisha simu yake kwenye daftari la wazi, mimi niliyesimama hapo sijaona faida yake.

#13 BabuWaJericho
Vijana hamjambo. Mimi nawasoma tu huwa siandiki, lakini hili limenigusa. Baba yangu alivaa kipande shingoni, ndani ya kijisanduku cha chuma. Kilikuwa na alama za vidole, kabila, jina la mzungu aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Bila hicho haingii mjini, na polisi akimkuta bila hicho analala ndani. Mkoloni alikianzisha 1920 ili mtu mweusi asiache kazi akapotea. Kwa hiyo mtu akiniambia "toa kitambulisho ndipo upite", damu yangu inachemka hata kama sina la kuficha.

#14 WakiliChipukizi
Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo: sheria ya kipande ilipitishwa 1915, utekelezaji ndio ulichelewa hadi baada ya Vita vya Kwanza, hivyo mwaka unaoukumbuka ni wa kuanza kutumika.

Sasa sheria ya leo, kwa ufupi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi tarehe 8 Novemba 2019, na kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, akaingia ofisini Novemba 2020. Dada NyarUmoja unayo haki ya kumwandikia mwenye jengo, na hata huyo mgombea, uulize: mna taarifa gani zangu, mlizipata wapi, mmempa nani. Kanuni za 2021 zinampa siku 7 kukujibu. Akikaa kimya, unalalamika kwa kamishna, naye ana siku 90 kumaliza uchunguzi. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Na si maneno ya kitabuni tu. Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mahali pa burudani wakalipishwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja.

Ila mimi tableti siiamini kuwa ndiyo chanzo. Kumbukeni Juni 2021. Wakenya walipoangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyovijua, mawakili na wanahabari wakiwemo. Vyama vilipeleka majina na namba za vitambulisho kwa Msajili wa Vyama kutimiza idadi. Waliyapata wapi hayo majina? Hadi leo mwananchi wa kawaida hajaelezwa akaridhika. Orodha za namna hiyo hazifi. Zinauzwa kila uchaguzi.

#15 MamaWakala_Donholm
Asanteni kwa uzi huu. Wakala wa M-Pesa hapa. Zamani kulikuwa na daftari, mteja anaandika jina, kitambulisho, simu, kiasi, anaweka sahihi. Wapo watu waliokuja kuniomba kununua madaftari yaliyojaa. Mmoja aliniambia wazi ni ya kampeni. Nilimfukuza, lakini nina jirani ambaye sina hakika alimjibu nini.

#16 FundiLuthuli
@MamaWakala_Donholm huo ndio ukweli. Lakini bado daftari halikati jina kwenye herufi ya 15.

#17 Msimbo254
Linaweza. Aliyenunua daftari anamlipa kijana wa saiba aliingize kwenye kompyuta, na programu ya kutuma meseji kwa wingi ndiyo inayokata. Mkato unaweza kutokea mwisho wa safari, si mwanzo. Hapo ushahidi wa dada unapungua nguvu, maana kila aliyepokea meseji hiyo na ana jina refu angekatwa hapo hapo.

#18 Kayole_PS
Niaje wakubwa. Mnasahau njia moja, na mimi naijua kwa sababu inapita mikononi mwangu. Nina kibanda cha PlayStation. Kila ukaribiapo uchaguzi wanakuja watu: "tunataka kudhamini mashindano ya mpira wa skrini, zawadi elfu kumi, jezi na soda." Nzuri, vijana wanafurahi. Lakini fomu ya kujiandikisha ni yao. Inataka jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, mtaa, na kituo cha kupigia kura. Mtu anayecheza mpira wa skrini, kituo cha kupigia kura cha nini?

Mara ya mwisho niliwaambia nitachukua jina la utani na simu tu, ya kumwita mchezaji zamu yake ikifika. Wakapeleka mashindano kwa kibanda cha pili na wateja wangu wakaenda nayo. Hasara ile niliibeba mwenyewe.

#19 BintiPangani
Kayole_PS, hongera sana kwa msimamo. Hebu niulize, @NyarUmoja umewahi kukopa kwa zile programu za mkopo wa haraka? Usione haya, sote tumepita huko tukitafuta nauli 😀

#20 NyarUmoja
Hapana, sijawahi kabisa. Lakini nina wanaonijua ambao wamekopa.

#21 BintiPangani
Ndiyo nilikuwa naelekea huko. Si lazima ukope wewe. Binamu yangu alikopa, programu ikachukua majina yote kwenye simu yake. Alipochelewa kulipa, walipigiwa simu mwajiri wake, shangazi, na mchungaji. Mchungaji alitajiwa hadi kiasi! Kwa hiyo mtu akikuhifadhi kwa jina lililokatwa au lililoandikwa vibaya, linasafiri hivyo hivyo. Benki Kuu ilianza kuwapa leseni 2022, ila orodha zilizobebwa kabla ya hapo ziko mikononi mwa nani?

#22 Msimbo254
Hoja nzito. Hiyo inaeleza hata mkato. @NyarUmoja waulize wa karibu, kuna aliyekuhifadhi bila hiyo herufi?

#23 KimyaKimya99
Mnahangaika na daftari na huku mmewapa kampuni za michezo nyumba nzima. Valorant ukiiweka kwenye kompyuta inakuja na Vanguard, mlinzi wa kuzuia kuchiti, na huyo anaingia hadi kwenye keneli, kiini cha mfumo kinachotawala kila kitu kingine. Anaamka kompyuta inapowashwa, hata kama siku hiyo huchezi. Wenye Riot Games, walioutengeneza mchezo huo, ni Tencent, Wachina. Mgombea wa Kilimani anajua jina lako. Hawa wanaweza kujua kila kitu unachofungua.

#24 Msimbo254
Tutofautishe kinachowezekana na kinachotendeka. Ni kweli Vanguard iko kwenye keneli na inaamka na Windows tangu Valorant itoke 2020, na kuanzia Mei 2024 League of Legends, mchezo wao mwingine, nao unaidai. Ni kweli Tencent inaimiliki Riot yote tangu 2015. Lakini ukitaka kumwibia mtu siri huhitaji keneli. Programu ya kawaida tu, ukiiruhusu, inasoma mafaili yako na majina ya marafiki. Hatari ya keneli inayonitia hofu ni nyingine: kosa dogo huko ndani linaiangusha mashine nzima. Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, ndege zikakaa chini.

#25 SaaZaUsiku
Ile ilikuwa virusi, sivyo?

#26 Msimbo254
Hapana, sasisho bovu la programu ya ulinzi. Tarehe 19 Julai. Hakukuwa na mshambuliaji.

#27 KimyaKimya99
@Msimbo254 sawa, lakini mimi nina kompyuta moja. Ndiyo ya kuchezea, ndiyo ya kujazia ushuru wa KRA, ndiyo ya eCitizen. Mzungu atanunua mashine ya michezo peke yake. Sisi tunaweka vyote kwenye kapu moja, kwa hiyo mwambieni mtu wa Nairobi ukweli huo kabla hajabonyeza "nakubali". Natamani hata maelezo ya ruhusa yangekuwa kwa Kiswahili.

#28 Kayole_PS
Kwa kibanda changu kompyuta ya Valorant haijaunganishwa na kitu kingine. Ya hesabu iko nyumbani. Mtu mwenye uwezo wa kununua ya mtumba afanye hivyo.

#29 BabuWaJericho
Hiyo keneli sijaielewa, lakini nimeelewa hofu yako kijana.

#30 SaaZaUsiku
Nawasoma na bado nauliza: hatari kubwa ni mgombea wa wadi? Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kufunga intaneti. Kesho yake, siku ya Bunge kuvamiwa na waandamanaji, intaneti ikadorora nchi nzima, kampuni za simu zikasema ni nyaya za baharini. Novemba 2023 na Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE, Telegram ikagoma. Ukitaka kupambana, pambana na mwenye swichi. Meseji ya "wiki njema" haijamuua mtu.

#31 KimyaKimya99
Siku hiyo ya Bunge nilikuwa katikati ya mechi. Pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ilipanda hadi nikatupwa nje. Nikadhani ni bando limeisha, kumbe jirani, mwenye mtandao tofauti, naye amekatika. Tulikuwa tunategemea Zello, programu ya kuongea kama redio ya upepo, na X kujua ndugu zetu wako wapi mjini. Mdogo wangu alikuwa Kenyatta Avenue. Hilo siwezi kulisahau.

#32 WakiliChipukizi
@SaaZaUsiku mambo haya mawili ni familia moja. Aliye na orodha ya majina, simu na mahali unapopita kila siku akitaka kukutakia wiki njema atafanya hivyo, akitaka kukutafuta usiku pia ataweza. Vijana waliochukuliwa manyumbani 2024, swali la kwanza la familia lilikuwa: walijuaje anapoishi?

#33 SaaZaUsiku
Hapo nakubali uzito wake. Lakini basi mbona watu walewale walijipanga kwenye jumba la KICC 2023 wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ili wapate kama shilingi elfu saba? Na mahakama ikaamuru zifutwe mwaka huohuo.

#34 WakiliChipukizi
Mwaka huohuo, tarehe 2 Agosti 2023, serikali ilisimamisha usajili. Amri ya Mahakama Kuu ya kufuta data ilikuja 5 Mei 2025, ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa kamishna. Kati ya hapo ni karibu miaka miwili macho ya watu yakiwa kwenye mashine za mtu.

#35 MamaWakala_Donholm
Tusiwalaumu waliopanga foleni. Elfu saba ni kodi ya nyumba huku kwetu. Mtu mwenye deni la kodi hasomi masharti. Alaumiwe aliyeona shida yake akaifanya mtaji.

#36 BintiPangani
👏 Mama umesema.

#37 NyarUmoja
Wakuu nimerudi. Nimefanya mambo matatu kama mlivyoshauri.

Kwanza, nimechambua risiti kwenye mkoba wangu. Kadi ya pointi ya duka moja la dawa, jirani na kwa mteja wangu Kilimani, inachapisha jina langu bila herufi ya mwisho. Ile ile! Nilipojiandikisha waliniambia ni ya punguzo la bei tu.

Pili, nimemwandikia meneja wa jengo kwa barua pepe nikitaja sheria ya 2019. Akanipigia badala ya kuandika. Alikuwa mpole lakini akasema data "iko kwa kampuni ya mfumo", na jina la kampuni hiyo hakulitoa. Nikamwomba aniandikie hayo hayo. Bado nasubiri.

Tatu, nilijaribu kumpigia aliyetuma meseji. Haiwezekani, ni jina tu linatokea mahali pa namba. Kwa hiyo hata wa kumjibu "niondoe" sina, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Anaweza kunifikia wakati wowote. Mimi siwezi kumfikia.

#38 FundiLuthuli
Duka la dawa! Basi kesi imekwisha.

#39 Msimbo254
Haijakwisha. Mashine za risiti za aina ile ziko maduka mengi mjini, na mfumo wa getini unaweza kuwa na kikomo hicho hicho. Ingekuwa mahakamani ningeomba orodha ya wapokeaji wote wa meseji.

#40 SojaWaGeti
Na duka la dawa lina data mbaya zaidi kuliko geti. Linajua unatibiwa nini.

#41 WakiliChipukizi
@NyarUmoja taarifa za afya sheria inazipa ulinzi mkali zaidi. Waandikie duka nao leo, tarehe iwe wazi. Hifadhi risiti, usiikunje maandishi yake yakafutika, ipige picha. Kuhusu mtumaji: mwongozo wa 2017 wa meseji za kisiasa uliwataka wenye leseni ya kutuma kwa wingi wakague ujumbe kabla haujatoka, kwa hiyo yupo mtu mwenye leseni nyuma ya lile jina. Kampuni yako ya simu inamjua. Lalamika kwao kwa maandishi, nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

#42 RongaiExpress
Samahani kwa kuingia nimechelewa. Meseji hiyo ya "tutembee pamoja" hata mimi nimeipata, mgombea huyohuyo. Naishi Rongai, Kajiado, si Nairobi hata kidogo. Jina langu nalo limekatwa, ila nikihesabu napata 12. Kilimani sijaenda tangu kabla ya korona, na kadi ya duka la dawa sina. Ila nilicheza mashindano ya PlayStation Ngong Road mwezi wa nne na nikajaza fomu.

#43 Kayole_PS
Ngong Road, fomu ilikuwa na kituo cha kupigia kura?

#44 RongaiExpress
Ilikuwa nayo. Niliandika cha Rongai.

#45 Msimbo254
12 na 15. Basi ni orodha zaidi ya moja zimeunganishwa, na huyo aliyeziunganisha hajali hata kuondoa watu wa kaunti nyingine. @RongaiExpress na @NyarUmoja mkiweza, kila mmoja aandike barua yake kwa mgombea aulize chanzo. Majibu yakija tuyaweke hapa, majina yamefichwa.

#46 NyarUmoja
Nitaandika kesho asubuhi. @RongaiExpress nitumie ujumbe wa ndani, tulinganishe saa meseji ilipoingia. Na kama kuna mwingine aliyeipata, aseme jina lilikatwa kwenye herufi ya ngapi na huwa anapita wapi mjini.

#47 MkaaziWaSouthB
Yangu haikukatwa. Lakini imetumia jina la baba yangu, ambaye laini hii ilisajiliwa kwa kitambulisho chake 2013.